Maua ya Njia ya Dilungu



Kila mwaka doyen wa shule anaombwa kuandika ukurasa mmoja mbele ya mtihani wa Taifa. Wale wa miaka iliyopita waliandika juu ya nidhamu, juu ya usafi wa mabweni, juu ya wivu katika internat. Ni mambo mazuri na mumekwisha kuyasoma. Miye nitaandika juu ya maua. Najua finalisti wenzangu watacheka. Wacheke tu. Wengi wao wamepita miaka sita katika njia hii hii ya dilungu kila Siku ya Posho, na ukiwauliza wameona nini watakujibu: majani.

Kwa ajili ya walimu wapya ambao walitoka Lubumbashi mwaka huu, nieleze kwanza: dilungu ni ule uwanda wa juu usiokuwa na miti, upepo mutupu, majani hadi macho yanachoka. Biano yetu iko hivyo, Manika iko hivyo, Kundelungu vile vile. Chini kuna mchanga mwingi, ule ambao watu wa jiolojia wanauita mchanga wa Kalahari. Unakunywa mvua upesi na hauna chakula kingi cha kulisha miti mikubwa. Mtu anayepita katika treni kati ya Tenke na Bukama akichungulia dirishani anafikiri pahali hapa Mungu alisahau kupanda kitu. Lakini treni haioni chini. Sherti utembee kwa miguu, tena polepole, na kazi ya doyen ni kutembea nyuma kabisa na watoto wa darasa la saba wanaochoka upesi. Ndivyo nilivyoanza kuangalia chini.

Matembezi ya kwanza ya mwaka tunayafanya mwezi wa tisa. Wakati ule kipwa kimekauka sana na moto umekwisha kupita. Dilungu yote ni nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu. Ukikanyaga, majivu yanapanda hadi magoti, na soksi nyeupe za wapya hazirudi kuwa nyeupe tena (ninaomba mama zao wanisamehe). Mvua bado. Haijanyesha hata tone moja tangu mwezi wa nne au wa tano. Na katika weusi ule, bila kungoja mtu, maua yanatoka. Manjano, meupe, mekundu, mengine ya zambarau hafifu, yote mafupi, hayapiti kiganja cha mkono, yamekaa juu ya majivu pasipo jani hata moja. Mwaka huu msichana mmoja wa darasa la saba alisimama akanishika mkono:

– Doyen, haya maua inakunywa nini? Maji iko wapi?

Nilimwambia atafute kijiti tuchimbue. Tulichimbua pembeni ya ua moja la manjano. Shina lilikuwa jembamba kama waya, lakini tulipoingia chini likanenepa, likawa kama kidole, kisha kama mkono wa mtoto, kisha likalala na kwenda mbali chini ya mchanga, na hatukuona mwisho wake. Mti mzima uko chini. Kinachotokea juu ni ncha za matawi tu. Moto unakula ncha, mti unabaki, na kwa kuwa ndani ya lile shina la chini kuna maji na chakula kilichowekwa, hauna haja ya kungoja mvua. Unatoa maua wakati majani marefu yameungua na nyuki wanaweza kuona. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa mimea, Frank White, aliandika juu ya jambo hili akaiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Basi siye tunatembea juu ya msitu. Tuko kwenye vilele vya miti, na viatu vyetu vimo katika majani yake.

Tulirudisha mchanga tukaukanyaga vizuri. Yule msichana sasa ananiletea kila ua analookota, hata yale ya bustani ya Bwana Prefe, na hilo nimemkataza.

Wakati wa mvua ni sikukuu na sitaimaliza kuisema. Mwezi wa kumi na moja linatoka lile ua jekundu la duara, kama mpira uliotobolewa sindano mia. Kisha lile lenye majani manne yaliyolala chini kabisa kama sahani, na katikati ya sahani ua moja la manjano linalong'aa. Likifunguka asubuhi huwezi kupita bila kuinama. Karibu na kijito ziko gladioli za rangi ya moto. Na kwenye vichuguu, pale udongo una mafuta kidogo, linapanda ua ambalo petali zake zimekunjwa juu kama ndimi za moto, nyekundu na manjano, na ncha za majani yake zinashika miti mingine kama vidole. Hilo ni zuri kupita mengi, na kiazi chake ni sumu ya kuua mtu. Narudia kwa wapya wanaopenda kuonja kila kitu: sumu. Doyen hatakuwa na pipi ya dawa.

Juu ya orkidi nina neno, kwa sababu wengi wenu mumezila bila kujua. Chikanda mnayonunua kipande kipande sokoni, ile inayokatwa kama mkate mwekundu, si nyama wala si unga wa mti. Ni viazi vidogo vya chini vya orkidi za dembo na za dilungu. Nkambo yangu ni fundi wa chikanda. Anavianika, anavitwanga, anachanganya na unga wa karanga, chumvi, pilipili na soda kidogo, anakoroga juu ya moto hadi mwiko unasimama peke yake. Ni tamu sana, na miye sitawadanganya kwamba nimeacha kula. Lakini Nkambo mwenyewe ndiye alinionyesha ukingoni mwa dembo: orkidi moja inakuwa na viazi viwili, kimoja cha zamani kilichonyauka na kimoja kipya cha mwaka unaokuja. Mwenye njaa anachukua kile kipya. Mwaka unaokuja hakuna ua. Na mbegu zake ni vumbi tu, hazina chakula ndani, zinahitaji kuvu fulani la udongoni lizisaidie kuota, basi hazirudi upesi. Zamani, Nkambo anasema, mwanamke alijaza kikapu mbele ya jua kupanda. Sasa anatembea siku nzima. Upande wa Zambia watu wanapenda chakula hiki sana, wakamaliza cha kwao wakaanza kununua hadi Tanzania. Kule Tanzania, uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, uliwekwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua yake, zaidi ya wanyama. Una aina za orkidi zaidi ya arobaini. Niliposoma habari ile nilifurahi, kwa maana nilikuwa nikifikiri ni miye peke yangu ninayeona kwamba uwanda wa majani ni kitu cha kulindwa.

Lakini ua ambalo limenifanya nikamate kalamu halioti hapa Biano. Linaota kwetu, upande wa kusini, penye vilima vya mukuba.

Wale waliokulia kati ya Likasi na Kolwezi wanavijua vilima vile. Pori la miti linakuzunguka pande zote, halafu ghafula kilima kimoja kiko uchi, majani tu na mawe, kama kichwa kilichonyolewa. Miti haipandi kwa sababu mukuba katika udongo ni mwingi mno, unaunguza mizizi. Ukipanda mahindi pale yanageuka manjano na kufa. Lakini kuna mimea iliyozoea. Wataalamu wamehesabu katika vilima vya mukuba vya Katanga aina za mimea zaidi ya 600, na katika hizo ziko zaidi ya thelathini ambazo hazioti pahali pengine popote duniani. Sisemi Kongo tu, au Afrika tu. Dunia nzima. Kuna aina ambazo kwao ni kilima kimoja au viwili, basi.

Mmoja katika jamaa ya mimea hii ya vilima ndio watu wanaouita ua la mukuba. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense. Ni jamaa moja na lumbalumba ya mama zetu. Si kitu cha kumshangaza mgeni: mmea wa kufika goti, vichwa vidogo vya zambarau, mwisho wa mvua. Ukiuona mmoja unaupita. Lakini kwetu njia ya kinga inayokwenda shule ya msingi ilipita chini ya kilima, na mwezi wa tano upande mzima ulikuwa zambarau, toka njia hadi juu kwenye mawe ya kijani. Asubuhi, umande ukiwa bado, tulikuwa tunapita mule watoto kumi, kumi na tano, na hakuna aliyesema kitu juu ya maua. Yalikuwa pale kama vile ukuta wa nyumba uko pale.

Wazee wetu waliyajua. Walioyeyusha mukuba na kutengeneza misalaba midogo, ile iliyotumika kama franga mbele ya Wazungu kufika, hawakuwa na mashini ya kupima udongo. Walikuwa na macho. Jules Cornet, yule mwanajiolojia Mbelgiji aliyekuja mwaka 1892, alikuta mashimo ya zamani yamekwisha kuchimbwa. Tena, ua hili linaota hata pale ambapo hakuna mgodi ila watu wa kale waliyeyusha mukuba, kwa sababu takataka za tanuru zimebaki udongoni. Mwaka 1982 De Plaen, Malaisse na Brooks waliandika kwamba kwa kufuata maua haya mtu anaweza kupata pahali pa matanuru ya karne nyingi. Mwalimu wetu wa biolojia aliponieleza hayo nilikaa kimya. Ua linalokumbuka moto wa watu ambao hata majina yao hatuna!

Sasa mumekwisha kufahamu shida iko wapi. Ua linaloonyesha mukuba linaonyesha wote, mzee wa zamani na mchimbaji wa leo.

Yaya yangu ni mchimbaji. Baba alipokosa kazi, yaya aliacha masomo, akachukua nyundo na burini akapanda kilima kile cha kwetu pamoja na wengine. Nilikuwa nikimaliza shule ya msingi. Tangu mwaka ule franga zangu za shule zimetoka mule: minerval, internat, kaye, hata viatu hivi ninavyovaa nikiwahimiza ninyi kupanga mstari. Kila mwaka mwezi wa tisa anatuma, hachelewi. Ana kovu kutoka sikio hadi bega, toka siku ambayo shimo lilianguka wakati wa mvua. Wawili waliokuwa chini yake hawakutoka. Yeye haongei juu ya siku ile.

Katika livu ya Pasaka, nilipokuwa darasa la pili la humanités, nilikwenda kumtembelea kazini. Njia ya kinga haikuwako tena. Upande ule wa zambarau ulikuwa mashimo, na kati ya mashimo hema za plastiki, na mama wanaouza bukari, na kamyo inayongoja mifuko. Nilimwuliza walijua namna gani pa kuanzia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

– We mwenyewe hukupita pale kila siku? Pale maua inajaa, ndiyo pale tulitoboa kwanza.

Sikujibu. Naye aliona, kwa maana yaya ananijua.

– Mudogo, kama unalilia maua, lilia vile vile kaye zako. Zote zinatoka mu shimo moja.

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kuchagua mawe, ya kijani huku, meusi ya kobalti kule, na alipomaliza mfuko aliniomba nimshikie mdomo wa mfuko ule afunge. Nikashika.

Kuna watu, nimewasoma na kuwasikia, wanaosema juu ya wachimbaji kama vile ni panya wanaoharibu. Wengine wanasema juu ya maua kama vile ni mchezo wa watu walioshiba. Miye sina nafasi katika kundi lolote la hayo mawili. Nimekula kilima kile. Na bado, nikifumba macho jioni katika bweni wakati jenereta imezimwa, ninachoona kwanza ni ule upande wa zambarau na umande.

Nilimweleza mwalimu wa biolojia. Hakunipa shauri lolote, alinipa kazi. Katika livu kubwa iliyofuata nilimwomba yaya anitafutie vichwa vilivyokauka, na udongo wa kilima kadiri ya kujaza mkebe wa maziwa. Alicheka sana (katika maisha yake hajawahi kuombwa udongo bila kulipwa) lakini alileta. Mwezi wa kumi na moja mwaka huu wa masomo tulipanda mbegu katika mikebe miwili kwenye dirisha la laboratwari: mmoja una udongo mzuri wa bustani ya shule, mweusi, wenye mafuta, mmoja una ule udongo mbaya wa kilima.

Katika udongo mzuri ziliota ishirini na tatu. Upesi, nyororo, kijani kizuri. Katika udongo wa kilima ziliota kumi na moja, ndogo, za kusikitisha. Wanafunzi waliopita dirishani walisema ule mkebe wa pili utupwe. Katikati ya mwezi wa kwanza zile nzuri zikaanza kulala moja moja. Shina linaoza pale linapotoka udongoni, leo mbili, kesho tano. Hadi mwisho wa mwezi zote zilikwisha. Mwalimu alitueleza kwamba mmea huu unaweza kuishi pasipo mukuba, ila katika udongo wa kawaida magonjwa ya kuvu yanaumaliza, na katika udongo wa mukuba kuvu hizo haziwezi kuishi vizuri. Pahali panapoua wengine ndipo pahali pake pa usalama. Za kilima hazikukimbia, lakini tisa ziko hadi leo, na mwezi wa tano zilitoa vichwa vyao vya zambarau. Baadhi yenu mlikuja kuangalia. Asante kwa kutogusa, na aliyegusa ninamjua.

Siku ya wazazi, mwanzo wa mwezi huu wa sita, yaya alikuja. Alipanda kamyo usiku mzima. Nilimpeleka laboratwari. Hakuangalia maua kwanza. Aliingiza vidole katika mkebe, akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya kidole na kidole, akaupeleka kwenye mwangaza wa dirisha kama anavyofanya kule kwa mnunuzi.

– Hii ni ya kwetu, ya upande wa njia. Teneur iko chini. Haiuziki.

Kisha akaangalia maua, kwa muda mrefu kidogo. Akauliza kichwa kimoja kina mbegu ngapi. Nilivunja kimoja kilichokauka nikakifikichia kiganjani mwake. Mbegu zake ni ndogo sana, yaya alizuia pumzi zisiruke. Akaniambia kule nyuma ya kilima kuna pahali wanatupa mawe yasiyofaa na udongo wenye mukuba kidogo, na hakuna anayechimba pale kwa sababu hakuna faida. Labda kamyo zitapita juu yake mwaka kesho, labda hazitapita.

Alitoa kadi yake ya mchaguzi katika kifuko cha plastiki, akamwaga mbegu mule pamoja na kadi, akafunga, akaweka mfukoni mwa shati. Nusu nyingine iko katika bahasha, juu ya kabati la laboratwari, upande wa kushoto. Doyen atakayenifuata azipande mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, katika ule ule mkebe mbaya.